Kitufe Kisichobonyezeka: Kuzima, Kufunga na Kulemaza katika Fomu za Wavuti

Msimu wa maombi ya vyuo unapofika, maduka ya steshenari yaliyo karibu na vyuo vya Mwanza hujaa vijana wenye vyeti mkononi. Katika duka mojawapo upande wa Nyegezi, mwandishi wa makala haya alimwona kijana aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Ukerewe akijaza fomu kwa simu yake mwenyewe ili asilipie kompyuta. Alijaza kila sehemu, lakini kitufe cha kutuma kikabaki na rangi ya kijivu. Chini yake paliandikwa neno moja tu: “Imelemazwa.”

“Kaka, hii maana yake dirisha limeshafungwa?” alimuuliza mwenye duka, huku akianza kurudisha vyeti kwenye bahasha.

“Hapana, mdogo wangu. Dirisha lipo mpaka Ijumaa. Hiyo ni simu yako tu.”

Kwenye kompyuta ya duka kitufe kilifunguka. Simu ilikuwa imewekwa katika hali ya kubana data, kwa hiyo skripti iliyotakiwa kukifungua haikufanya kazi. Kijana aliondoka akiwa ametuma maombi yake. Hata hivyo, kama mwenye duka asingekuwapo, angerudi Nansio akiamini kwamba amechelewa, kwa sababu ya neno moja lililochaguliwa vibaya na kitufe kimoja kilichotengenezwa vibaya. Makala haya yanachunguza vyote viwili: maneno ambayo mfasiri anapaswa kuyatumia kwa kitu kisichofanya kazi katika fomu ya wavuti, na jinsi mashine inavyokichukulia kitu hicho. Anayelijua moja bila la pili huandika ujumbe usiomsaidia mtu.

Istilahi za msingi

Vipande vya fomu ambavyo mtumiaji huvigusa, huviandikia au huvichagua huitwa kwa jumla vidhibiti vya fomu (umoja: kidhibiti). Miongoni mwake ni kisanduku cha maandishi, ambamo mtu huandika jina au namba. Kisanduku cha tiki, ambacho hutiwa alama. Orodha kunjuzi, ambayo hufunguka ikiguswa na kuonyesha machaguo. Na kitufe, ambacho hubonyezwa ili jambo litendeke. Vile viduara ambavyo mtu huruhusiwa kuchagua kimoja tu huitwa na baadhi ya wafasiri “vitufe vya redio”. Jina hilo limeletwa na Kiingereza, na halimwambii kitu msomaji ambaye hajawahi kuiona redio ya zamani ya vibonyezo. “Kitufe cha chaguo moja” huieleza kazi yenyewe.

JavaScript ni lugha ya programu iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 akiwa katika kampuni ya Netscape. Maagizo yaliyoandikwa kwa lugha hiyo, ambayo hapa tunayaita skripti, huendeshwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji. Ndiyo hukagua kama namba imetimia, huonyesha mapendekezo mtu anapoanza kuandika, na hufunga au kufungua vitufe. Seva ni kompyuta ya upande wa pili, inayoutuma ukurasa na kuipokea fomu iliyojazwa.

Kwa nini “lemaza” halifai

Kitenzi lemaza kimetokana na lemaa, yaani kuwa na kilema. Maana yake ya msingi ni kutia kilema. Kwa sitiari husemwa pia kwamba mgomo umelemaza usafiri, au deni limelilemaza shirika. Katika matumizi yote hayo kuna dhana ya madhara: kitu kilikuwa kizima, kikaumizwa, na hakitarajiwi kupona kwa mguso wa kidole.

Wafasiri wa mwanzo walikuwa na sababu ya kulijaribu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, istilahi nyingi za menyu hazikuwa na kawaida iliyozoeleka. Kila aliyeingia katika kazi ya namna hiyo alikutana na neno la Kiingereza “disabled”, na kamusi za lugha mbili zikampeleka kwenye ulemavu. Kiingereza hutumia neno hilo hilo kwa mtu na kwa kitufe. Kiswahili hakilazimiki kufanya hivyo, maana kina vitenzi vyake vya taa, mlango na safari.

Sababu ya pili inahusu heshima. Lugha rasmi ya Tanzania, kama inavyoonekana katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, humtaja mtu kwanza na hali yake baadaye. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kusema “mtu mwenye ulemavu” hujikuta akipingwa na simu zao, zinazowaonyesha kila siku kwamba kilicholemazwa ni kitu kisichofaa kutumiwa. Mfasiri akiwa na kitenzi kingine kinachoeleza vizuri zaidi, hana sababu ya kuubeba mzigo huo.

Vitenzi vinavyofaa

Abiria anayesubiri kivuko cha Kamanga ili avuke kwenda upande wa Sengerema anaweza kuambiwa mojawapo ya maneno haya: geti halijafunguliwa, geti limefungwa, safari zimesitishwa kwa sababu ya upepo, kivuko kimeharibika. Katika hali zote nne havuki. Hata hivyo, akisikia la kwanza huketi na kusubiri. La pili humfanya aulize saa ya kufunguliwa. La tatu humfanya alitazame ziwa. Na la nne humfanya aanze kufikiria barabara na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Mtumiaji wa fomu anahitaji kupewa nafasi hiyo hiyo ya kuamua.

Zima (kinyume chake: washa). Hutumika kwa kitu kinachofanya kazi mfululizo kama taa au redio: skripti, arifa, sauti, eneo la simu. “JavaScript imezimwa” ni sentensi sahihi, nayo humfundisha msomaji papo hapo kwamba dawa yake ni kuiwasha. 

Funga (kinyume chake: fungua). Hutumika kwa kitu chenye njia ya kupitia: kitufe, sehemu ya kujaza, akaunti, dirisha la maombi. Neno hili lataka uangalifu, kwa kuwa taasisi za elimu ya juu nchini hutangaza kwamba “dirisha la udahili” au “dirisha la maombi” limefunguliwa au limefungwa, zikimaanisha muda wa maombi. Kwa hiyo ujumbe wa “Imefungwa” ulio peke yake katika fomu ya maombi ni hatari. Lazima kitajwe kilichofungwa.

Sitisha. Hutumika kwa huduma iliyosimamishwa kwa muda na mwenye mamlaka nayo. Hubeba ahadi ya kurejea, hivyo ni vyema tarehe au saa itajwe.

Zuia. Huashiria kwamba kuna aliyekataza. “Umezuiwa kutuma” humfanya mtu ajihisi mkosaji. Litumike tu pale ambapo kweli hana ruhusa.

-tapatikana na -patikani. Kila Mtanzania mwenye simu ameshasikia kwamba mteja anayempigia hapatikani kwa sasa. Umbo “haipatikani” linafaa kwa kitu kisichofikiwa wakati huo bila kumlaumu yeyote, lakini halielezi sababu. Lifuatishwe na sentensi ya pili.

Kwa upande wa kurejesha, tafsiri nyingi husema “wezesha JavaScript”. Kitenzi wezesha katika matumizi ya kawaida humhusu mtu: huwezeshwa kijana, kikundi cha akina mama, mkulima. Kwa skripti, “washa” ni wazi zaidi. Kwa kamera, eneo au arifa, “ruhusu” hufaa, kwa sababu simu yenyewe huomba ruhusa.

Wakati na unyambulishaji

Kiswahili kina nyenzo ambayo mfasiri aghalabu huisahau: kiambishi -ja- cha ukanushi. “Kitufe kimefungwa” husema kwamba jambo limekwisha kutendeka. “Kitufe hakijafunguka” husema kwamba jambo linatarajiwa na bado. Kitufe cha kutuma kinachosubiri sehemu zote zijazwe kiko katika hali ya pili, si ya kwanza. Kijana wa Ukerewe angesoma “hakijafunguka” angejiuliza kimebaki nini. Aliposoma “imelemazwa” alijiuliza kama ameshachelewa.

Tofauti ya kauli nayo ina uzito. Kauli ya kutendwa, “imezimwa”, hudokeza mtendaji, na msomaji huuliza: na nani? Kauli ya kutendeka, “imezimika”, humwondoa mtendaji. Skripti inapokuwa imezimwa katika mipangilio ya simu, ni haki kusema “imezimwa”, mradi mahali pake pawekwe wazi: “imezimwa katika kivinjari chako”. Mtandao unapokatika njiani, hakuna aliyezima kitu. Hapo tuseme “ukurasa haujafunguka wote”. 

Upatanisho wa ngeli

Programu nyingi humpa mfasiri orodha ya maneno yaliyotengwa na sentensi zake. Neno “disabled” huweza kuwa limeandikwa mara moja tu katika orodha hiyo, kisha programu ikalichomeka popote: kwenye skripti, kitufe, jina, uga au akaunti. Kwa Kiingereza halibadiliki. Kwa Kiswahili tunahitaji:

JavaScript imezimwa.
Kitufe kimefungwa.
Jina limefungwa.
Uga umefungwa.
Vitufe vimefungwa.

Ndiyo maana kijana wetu alisoma “Imelemazwa” chini ya kitufe, ilhali kitufe hudai ki-. Kosa hilo la kisarufi lilizidisha utata: kiambishi i- kilimfanya atafute nomino nyingine ya kukipokea, naye akadhani ni fomu au huduma nzima. Mfasiri akipewa neno pweke namna hiyo, aulize litatumika wapi, na aombe kila matumizi yawe na mstari wake. Ikishindikana, aandike umbo lisilohitaji upatanisho wa kitenzi, kama vile “Hakuna ruhusa ya kuhariri” au “Kwa kusoma tu”.

Mashine hufanya nini na kidhibiti kilichofungwa

Katika HTML, lugha ambayo kurasa za wavuti huandikwa, kidhibiti hufungwa kwa kupewa sifa ya “disabled”. Sifa hiyo huleta mambo matatu. Kwanza, kidhibiti hakipokei mguso wala maandishi. Pili, mtu anayesogea ndani ya ukurasa kwa kibodi hukipita bila kusimama juu yake. Tatu, na hili ndilo husahaulika, kilichomo ndani yake hakitumwi kwa seva. Fomu ikiwa na sehemu ya namba ya mtihani iliyofungwa namna hiyo, seva itapokea fomu isiyo na namba ya mtihani, ingawa mwombaji aliiona kwenye skrini kwa macho yake.

Sifa ya “readonly” ni nyingine. Huwekwa kwenye sehemu za maandishi. Maandishi hayawezi kubadilishwa, lakini huweza kufikiwa na kunakiliwa, na hutumwa pamoja na fomu. Kwa mfasiri, tofauti hii ni kubwa: ya kwanza ni “imefungwa”, ya pili ni “ya kusoma tu”. Kuzitafsiri zote kwa neno moja ni kumficha msomaji kama taarifa yake itafika au haitafika.

Jambo la pili hapo juu linawagusa zaidi wasioona, ambao hutumia programu za kusoma skrini na kusogea kwa kibodi. Mkoa wa Mwanza una shule kama Mitindo, wilayani Misungwi, ambayo hupokea watoto wenye ulemavu wa macho. Wanapokua, watajaza fomu hizi hizi. Kitufe kinachorukwa na kibodi ni kama hakipo. Kama hakuna sentensi karibu yake inayoeleza kinachosubiriwa, rangi ya kijivu haitawaambia lolote.

Skripti isipokuwapo

Husemwa mara nyingi kwamba siku hizi hakuna anayezima JavaScript, hivyo hakuna haja ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 2013, kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilipima tovuti yake na kukuta kwamba asilimia 1.1 ya waliofika hawakupata huduma zinazotegemea JavaScript. Kati ya hiyo, asilimia 0.2 tu ndio waliokuwa wameizima au ambao vivinjari vyao haviitumii. Asilimia 0.9 iliyobaki walikuwa na vivinjari vilivyopaswa kuiendesha, lakini kwa sababu moja au nyingine haikufanya kazi. Somo la takwimu hizo ni kwamba wengi wa wanaokosa skripti hawakuchagua kuikosa.

Kandokando ya ziwa sababu hizo si ngeni. Bando huisha katikati ya ukurasa. Mtandao hukatika mtu akiwa kwenye boti kati ya Mwanza na Nansio. Vivinjari vya kubana data navyo hufanya kazi kwa namna yake: Opera Mini, iliyotoka mwaka 2005, katika hali yake ya kubana zaidi hupitisha ukurasa kwenye seva za kampuni kwanza, skripti huendeshwa huko kwa muda mfupi, kisha simu hupokea ukurasa uliokwisha kubanwa. Skripti inayosubiri mtu amalize kuandika ndipo ifungue kitufe huenda isiifanye kazi hiyo kamwe.

Kutokana na hayo, kanuni ya ufundi ni moja: ukurasa utoke kwenye seva kitufe kikiwa wazi, na skripti ndiyo ikifunge ikihitajika. Kitufe kikitoka kimefungwa kwa matumaini kwamba skripti itakuja kukifungua, asiye na skripti hatakifungua milele. Ukaguzi wa mwisho ufanywe na seva daima, kwa kuwa ukaguzi wa kivinjari ni msaada kwa mwombaji, wala si ulinzi wa taasisi.

Kamusi ya mtandaoni ni mfano mwepesi wa kanuni hiyo. Kisanduku cha kutafuta na kitufe cha “Tafuta” vyatosha. Skripti ikiwapo, maneno hupendekezwa mtu akiandika herufi mbili tatu. Isipokuwapo, mapendekezo hutoweka, lakini akibonyeza “Tafuta” neno hutumwa kwa seva na maana hurudi. 

HTML ina pia kipengele cha “noscript”, ambacho maandishi yake huonekana iwapo kivinjari kimezimiwa skripti. Mfasiri ajue mpaka wake: skripti zikiwa zimeruhusiwa lakini faili lake halikufika kwa sababu ya mtandao, maandishi hayo hayaonekani. Njia salama zaidi ni kuuweka ujumbe katika ukurasa wenyewe, kisha skripti iuondoe ikishafika na kuanza kazi.

Mifano ya ujumbe

Ujumbe mzuri hujibu maswali matatu: ni kitu gani hakifanyi kazi, kwa nini, na msomaji afanye nini sasa.

Kitufe kinachosubiri: “Jaza namba ya mtihani ili uweze kutuma.” Hakuna haja ya kukitaja kitufe.

Sehemu ya kusoma tu: “Jina hili limetoka kwenye cheti chako na litatumwa kama lilivyo. Haliwezi kubadilishwa hapa.”

Muda umekwisha: “Dirisha la maombi limefungwa.” Tarehe iongezwe, na ujumbe huu usitumike kwa sababu nyingine yoyote.

Huduma imesimama: “Huduma ya malipo imesitishwa kwa matengenezo. Ulichojaza kimehifadhiwa.” Sentensi ya pili iandikwe tu ikiwa ni kweli.

Skripti imezimwa: “JavaScript imezimwa katika kivinjari chako. Unaweza kuendelea kujaza. Majibu yatakaguliwa ukishatuma.”

Skripti haijafika: “Ukurasa haujafunguka wote. Kama mtandao ni dhaifu, endelea kujaza na ubonyeze Tuma.”

Ujumbe wa mwisho hauwezi kuandikwa na mfasiri peke yake. Ili uwe kweli, fundi awe amekiacha kitufe wazi. Mfasiri aliyepewa neno “disabled” bila maelezo ana haki na wajibu wa kumuuliza fundi: kimefungwa na nani, mpaka lini, na asiye na skripti atapitia wapi? Mara nyingi swali hilo la lugha ndilo humwonyesha fundi kwamba hakuna njia aliyoiacha.

Muhtasari wa matumizi

Skripti na arifa huzimwa na kuwashwa. Vitufe na sehemu za kujaza hufungwa na kufunguliwa. Huduma husitishwa na kurejeshwa. Kinachosubiriwa huelezwa kwa -ja-. Kila kitenzi kipatane na nomino yake. Neno “lemaza” libaki katika maana yake ya madhara, nako lisitumike ovyo.